Ukoo wa Nyama

Ukikaa kula nyama choma Themi, jijini Arusha, historia hukufikia kabla hujanawa mikono. Meza ni neno la Wareno, sahani la Waarabu. Kachumbari imetoka India, na bucha la jirani limepata jina kwa Waingereza. Mwenyeji hapo ni nyama, neno la Kibantu. Aliyetutenganishia wenyeji na wageni ni fundi tusiyemwona: mchunguzi wa asili za maneno.

Mwandame katika neno hilo moja. Mkikuyu na Mshona husema nyama, Mganda ennyama, Mzulu inyama. Mchewa wa Malawi huita nyama kilichomo sufuriani na pia kilicho hai porini. Mbemba naye hutumia inama kwa vyote viwili. Kiswahili kimevitenga kwa m- tu: nyama, mnyama. Kisha fundi anamsikia Mhausa, ambaye si Mbantu, akisema nama, na hapo anasita. Ni ndugu, ni mkopo au ni sadfa?

Kusita huko ndiko ufundi wenyewe. Kufanana kwa sura hakumtoshi, anadai kanuni. P ya Kiswahili katika kupa ni h kwa Mnyarwanda, guha, na w kwa Mganda, okuwa. Anajaribu penginepo: hapa ni hano Kigali na wano Kampala. Kanuni imesimama, sasa anaweza kusema ndugu.

Kati ya mafundi hao, Wilhelm Bleek aliziita lugha hizi Bantu mwaka 1862. Carl Meinhof akapanga sauti zake mwaka 1899. Malcolm Guthrie akakusanya mizizi katika majuzuu manne, 1967 hadi 1971. Kila mzizi uliokisiwa huwekewa kinyota, ishara kwamba hakuna aliyeusikia ukitamkwa. Fani chache hukiri mipaka yake kwa uwazi hivyo.

Arusha ni karakana tayari. Mmeru na Mchaga ni Wabantu, Mmaasai na Mwarusha husema Kimaa, ambacho nyama yake ni inkiri, na Mwiraqw ana Kikushi chake. Koo tatu za lugha zinaweza kukaa dawati moja. Mwalimu akiwauliza watoto nyumbani kwao nyama huitwaje, somo limeanza, na gharama yake ni daftari na masikio.