Ukurasa Mmoja kwa Kila Jirani

Katika kitabu cha Sandra Cisneros, The House on Mango Street, yumo kijana mhamiaji aitwaye Geraldo. Marin, msichana wa mtaa huo, alikutana naye kwenye dansi usiku uleule Geraldo alipogongwa na gari, dereva akatoroka. Mifukoni hakukutwa na anwani wala kitambulisho. Marin anakaa hospitalini saa nyingi kwa ajili ya mtu ambaye hata jina la ukoo halijui. Daktari wa upasuaji hatokei, aliyepo ni daktari wa mafunzo, peke yake. Kisha mwandishi anatutajia ambayo wenye kuandika ripoti hawakuyajua: vyumba vya kupanga alivyolala, pesa alizotuma kwao kila wiki, na ndugu walioko nchi nyingine watakaojiuliza amepotelea wapi. Sura imekwisha, haikufika hata kurasa tatu.

Ufundi huo ndio ninaousifu. Cisneros hakumhutubia msomaji hata kidogo kuhusu haki za wahamiaji. Alimpa mtu mmoja nafasi yake kitabuni, akataja pesa za kila wiki, na hasira ikatupanda wenyewe.

Cisneros alizaliwa Chicago mwaka 1954, binti pekee kati ya ndugu wa kiume sita, baba yake Mmexico fundi wa makochi. Alipokuwa akisomea uandishi Chuo Kikuu cha Iowa, darasa lao lilizungumzia nyumba kama hazina ya kumbukumbu. Wenzake walikumbuka dari na ngazi za nyumba zao. Yeye alikumbuka fleti za kupanga. Akaamua kuandika kile ambacho wenzake wasingeweza kukiandika. Baadaye alifundisha Chicago vijana walioacha shule wakarudi, na mengi waliyomsimulia yakaingia kitabuni. Kilitoka mwaka 1984 kwa Arte Público Press, shirika dogo la Houston, kikiwa na sura 44 fupifupi.

Msimulizi ni Esperanza, msichana anayekua. Mazungumzo hayana alama za mnukuo, kwa hiyo sauti za majirani zinaingiliana na yake kama zinavyosikika ukiwa umekaa barazani. Angalia sura ya Rafaela. Mumewe humfungia ndani kwa sababu ni mzuri mno. Jumanne mume anapokwenda kucheza dhumna, Rafaela huwarushia watoto dola moja wamnunulie juisi ya nazi au ya papai, kisha huteremsha mfuko kwa kamba ya kuanikia nguo na kuivuta juu. Kamba ile inatosha. Neno ukandamizaji lingeiharibu sura.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Cisneros aanike ya ndani mbele ya wageni, wakati jamii yake tayari inadharauliwa. Mimi naona ujasiri wake uko hapohapo. Anawapenda watu wa mtaa ule kiasi cha kutowafichia wanaume wanaofunga milango, na anamdai mwenye nyumba, polisi na mume kwa kipimo kilekile.

Baadaye kitabu chenyewe kiliingia katika mzozo. Januari 2012 wilaya ya shule ya Tucson, Arizona, ilifunga masomo ya Wamarekani wenye asili ya Mexico kwa shinikizo la sheria ya jimbo, na kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vya mtaala huo. Machi mwaka huohuo mwandishi Tony Diaz na wenzake walipakia vitabu vya mtaala huo kwenye basi kutoka Houston wakavipeleka Tucson. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho aliamua kwamba hatua ya jimbo ilisukumwa na ubaguzi wa rangi.

Nawaomba walimu wa insha wajaribu njia ya Cisneros. Mwanafunzi apewe ukurasa mmoja na jirani mmoja, akatazwe kutumia maneno haki na dhuluma, kisha aandike alichokiona mkononi mwa jirani huyo.