Boya Likizama

Wiki mbili alizokaa kwetu baba mdogo zilikuwa za mvua tupu, na mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda pwani hana la kufanya na mvua ya Dar es Salaam. Tukawa tunaangalia sinema. Yeye amevua Tanga zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwa mshipi, baadaye kwa jarife la papa, na sinema kwake zilikomea enzi za mikanda ya video, mtafsiri Lufufu akiwasemea wahusika wote kwa sauti yake moja. Kila tulipowasha televisheni aliuliza swali lilelile la vibanda umiza: "Steringi ni yupi hapo?"

Siku ya tatu binti yangu, aliye kidato cha pili, akachagua Jaws, ile ya Steven Spielberg ya mwaka 1975. Aliona mvuvi wa papa lazima apende filamu ya papa. Mimi nilishaiona mara nyingi, na nilikuwa nimejiandaa kuwapa hadithi ambayo kila mpenzi wa sinema anayo: kwamba papa wa bandia aliharibika, mwongozaji akalazimika kumficha, na hofu yote ikazaliwa hapo. Nikaitoa. Baba mdogo akanisikiliza hadi mwisho, akamalizia chai yake, kisha akasema jambo lililonifanya niirudie filamu nzima kesho yake, peke yangu, rimoti mkononi.

Hadithi yenyewe ni ya kweli. Spielberg alikuwa na miaka 27 tu, na aling'ang'ania kupiga picha baharini kwenyewe, kando ya kisiwa cha Martha's Vineyard huko Massachusetts, wala si kwenye bwawa la studio. Robert Mattey, aliyewahi kuunda ngisi mkubwa wa filamu ya 20,000 Leagues Under the Sea, alimtengenezea papa watatu wa mashine zilizoendeshwa kwa nguvu ya hewa. Wenyewe waliwaita Bruce, jina la mwanasheria wa Spielberg. Walipotiwa maji ya chumvi wakaanza kugoma, mmoja akazama kabisa, na kazi iliyopangiwa siku 55 ikachukua siku 159.

"Maji ya chumvi!" akasema baba mdogo. "Si wangemuuliza yeyote mwenye mashine ya boti?"

Kisha ndipo akasema lile neno. Tulikuwa tumefika pale mapipa ya manjano yanapokimbia juu ya maji, naye akayaonyesha kwa kidole. "Unasema wamemficha. Hawajamficha. Mvuvi hamwoni samaki, anaona boya. Huyo papa mimi namwona tangu mwanzo."

Binti yangu akaangua kicheko, maana kwa vijana wa siku hizi boya ni mtu asiyejitambua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiyarudisha matukio kichwani, moja baada ya jingine, na kila nilipogusa nakuta kitu kinaelea.

Msichana wa mwanzo kabisa, anayeogelea usiku, anaburutwa huku na huku, kisha anaponea kidogo kwa kukumbatia boya la kengele. Mbwa anayefukuzia kijiti ufukweni anapotea, na tunachoonyeshwa ni kijiti peke yake juu ya maji. Mtoto wa kiume yumo majini juu ya godoro la upepo la manjano; baadaye mawimbi yanalileta godoro hilo ufukweni, limeraruka. Kisha mbao za gati. Kisha mapipa. Kifo hakitokei humo bila kitu juu ya maji kutangulia kukitangaza au kubaki kukishuhudia. Kuharibika kwa mashine kunaeleza kwa nini papa hayupo kwenye picha, ila hakuelezi kwa nini mahali pake pamejazwa kwa ustadi namna ile. Waongozaji wangapi wameharibikiwa na vifaa na wakatoa filamu mbaya tu?

Tulitazame tukio la gati, maana ndipo mbinu yote ilipo. Ni usiku. Wanaume wawili wamechukua pande la nyama, wamelitia ndoano, wamefunga mnyororo kwenye nguzo ya gati la mbao, na chambo chao kinaelea kwa mpira wa tairi. Mmoja anapiga mluzi. Mpira unaanza kwenda. Mnyororo unafyatuka, unakwisha, na gati linang'oka kipande kizima, mtu akiwa juu yake. Sasa yumo majini, na zile mbao zinakokotwa kuelekea kilindini. Mpaka hapo ni vurugu za kawaida. Halafu mbao zinapunguza mwendo. Zinageuka taratibu, kama mtumbwi unaogeuzwa na nahodha mzoefu, na zinaanza kumrudia yule mtu.

Hebu fikiria tumepewa habari ngapi kwa vipande vya mbao. Tumejua mnyama yuko wapi. Tumejua anakwenda upande gani na kwa kasi ipi. Tumejua ana nguvu kiasi gani, kwa sababu tumeona alichong'oa. Na tumejua ameamua, maana mbao hazigeuki zenyewe. Umbo tu ndilo hatujapewa, na umbo tunajichorea wenyewe, kila mtu kwa kipimo cha woga wake. Mashine ya Mattey ilikuwa na urefu wa mita saba na nusu hivi. Papa wa kichwani mwa binti yangu, aliyekuwa amejifunika khanga hadi puani, sidhani kama alipimika.

Mapipa yanafanya kazi ileile kwa muda mrefu zaidi. Quint, mvuvi mkongwe wa humo, anampiga papa chusa yenye kamba, na kwenye kamba kuna pipa. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, Spielberg hahitaji mashine. Anahitaji pipa, kamba na boti ya kulivuta. Pipa likizama, tunashika pumzi. Likiibuka usiku karibu na chombo, watu watatu wanaomwinda wakiwa ndani wameshalewa na kupiga soga, hatuhitaji kuambiwa. Baba mdogo alikataa jambo moja: kwamba papa anaweza kuzama na mapipa matatu mgongoni. Quint naye anasema hivyohivyo, na papa anapozama nayo baba mdogo akanyamaza. Mvuvi wa kwenye filamu na mvuvi wa sebuleni kwangu walishangaa pamoja.

Mahali pa kuiweka kamera napo palichaguliwa kwa akili. Mpiga picha, Bill Butler, alitengenezewa sanduku lisiloingiza maji ili lenzi ikae pale pale maji yanapokutana na hewa. Ukitazama bahari kutoka juu unaiona kama ramani. Ukiitazama kutoka usawa wa kidevu cha mwogeleaji, kila wimbi linakuziba macho. Kuna picha nyingi za namna hiyo, wala hatuambiwi hayo ni macho ya mwogeleaji au ya anayemwinda.

Ufukweni, kabla mtoto hajauawa, mkuu wa polisi Brody ameketi akiitazama bahari. Watu wanakatiza mbele ya kamera, mmoja kaptura, mwingine taulo. Kila nguo inaziba picha kwa nukta, na ikiondoka tunajikuta tumesogezwa karibu zaidi na uso wake. Mhariri, Verna Fields, amekata pale ambapo jicho halioni kisu. Shambulio linapotokea, kamera inasukumwa mbele huku lenzi ikifunguka kuwa pana: uso unabaki ukubwa uleule, ufuko nyuma yake unakimbia. Hitchcock aliitumia mbinu ya jamii hiyo katika Vertigo mwaka 1958, na tangu hapo imeigwa hadi imechuja, ila hapa bado inanishika tumboni. Fields alipata Oscar kwa kazi hii. Na bwawa la nyumbani kwake ndilo lililotumika kurudia lile tukio la kichwa cha maiti kwenye tundu la mashua; maji yake yalikuwa safi mno kufanana na bahari, wakayavuruga kwa maziwa ya unga.

Muziki kila mtu anaujua, noti mbili za John Williams. Kinachosahaulika ni jinsi alivyoutumia kwa uaminifu. Watoto wawili wanapojifanya papa kwa pezi la kutengeneza, na ufuko mzima unakimbia, muziki ule haupigwi. Sikio linajifunza bila kuambiwa: noti zikiwepo, papa yupo, zisipokuwepo, ni mzaha. Ndipo, filamu ikiwa imeshapita saa nzima, Brody anamwaga chambo nyuma ya boti huku akilalamika, hakuna noti hata moja, na kichwa kizima kinachomoza nyuma yake. Chai ya baba mdogo ikamwagikia mkekani. "Wametuonea," akasema binti yangu, na nadhani ni uhakiki sahihi.

Sasa lawama. Papa anapopanda juu ya shetri la boti mwishoni, filamu inashuka. Baba mdogo, aliyekuwa ameogopa mbao, alimtazama papa mwenyewe akacheka: "Hilo ni tairi. Papa ukimtoa majini analegea, hana mifupa." Ni kweli, kiunzi chake ni gegedu tupu. Tena akasema papa hana kisasi na boti ya mtu. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii, baadaye alijutia jinsi alivyowachora wanyama hawa, akageuka mtetezi wao. Kwa hiyo robo ya mwisho mimi naiangalia kwa adabu tu.

Kesho yake zamu ya kuchagua ilikuwa yangu, nikaleta 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Raia kumi na wawili wamefungiwa chumbani waamue kama kijana amemuua baba yake. Sisi tunawajua wazee wa baraza wa mahakamani, ila hawa uamuzi wao ndio unaomtia mtu hatiani au kumwachia. Binti yangu alidumu dakika ishirini. "Wamekaa tu," akasema, akaenda na simu yake. Baba mdogo alikaa, na baada ya kama saa moja akaniomba niwashe feni. Kulikuwa na baridi ya mvua.

Nikamweleza kwa nini anatoka jasho, ingawa nusu yake sina hakika aliijali. Theluthi ya kwanza kamera iko juu ya usawa wa macho ya wale watu. Theluthi ya pili iko sawa nao. Ya mwisho iko chini, inawatazama kwenda juu, hadi dari linaanza kuonekana na kuwakandamiza. Wakati huohuo Lumet na mpiga picha wake Boris Kaufman walikuwa wakibadilisha lenzi, kutoka zile pana kwenda ndefu zaidi, na lenzi ndefu huvuta ukuta wa nyuma ukaja kumgusa mtu mabegani. Chumba hakijapungua hata inchi, ila kwa macho yetu kinasinyaa. Picha ya mwisho, nje, mvua imeshanyesha, wametumia lenzi pana, na baba mdogo akavuta pumzi ndefu bila kujua kwa nini. Mimi nilijua, na sikusema kitu.

Baada ya filamu hizi mbili tulijaribu tamthilia moja ya kwetu, sitaitaja. Mke anagundua meseji kwenye simu ya mumewe. Tunaonyeshwa meseji, kisha uso, kisha meseji tena, anaisoma kwa sauti, ngurumo inapiga, kinanda kinalia, na shoga yake anaingia kumuuliza, "Umegundua ana mwanamke mwingine?" Waigizaji wale wanajua kazi. Yule dada alikuwa na macho yaliyotosha kubeba tukio zima. Ila hakupewa nafasi, maana mwongozaji hakutuamini kwamba tunaweza kuona boya likizama tukajua kuna kitu kinavuta.

Baba mdogo amesharudi Tanga. Ukiipata Jaws nyumbani, lirudie lile tukio la gati, uzime sauti, uhesabu papa anaonekana mara ngapi. Mimi nimehesabu: haonekani hata mara moja.