Kufunga Utando wa Mgongo

Kolajeni ndiyo inayoshikilia ngozi, mishipa na maungo ya mwili visilegee. Wapo wanaozaliwa na kolajeni dhaifu. Maradhi yao yanaitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya madaktari wawili wa ngozi: Edvard Ehlers wa Denmark aliyeyaeleza mwaka 1901, na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa aliyemfuatia mwaka 1908. Maungo yao huteguka ovyo, ngozi huchubuka upesi, na sindano ya ganzi mara nyingi haiwakolei. Baadhi yao hufikia kupasuliwa mgongo, na hapo ndipo ninapoustaajabia mkono wa daktari.

Chukua kazi moja tu. Ugwe wa mgongo, ule mkanda wa fahamu upitao ndani ya pingili, unaishia kiunoni, na nchani mwake hutoka uzi mwembamba unaoshuka hadi kwenye kifandugu. Uzi huo ukikaza, huuvuta ugwe kwenda chini: miguu inakufa ganzi, mkojo haushikiki. Daktari hufungua kidirisha kwenye mfupa, hupasua utando unaoufunika ugwe, kisha chini ya hadubini huutafuta uzi ule mmoja katikati ya mishipa ya fahamu inayoshabihiana nao. Haraka hapo ni kilema. Huugusa kwa umeme kidogo, wenzake wakiangalia kwenye skrini kama kuna msuli wa mguu au wa njia ya haja ulioshtuka. Kukiwa kimya, anaukata.

Lakini ninachokistahi zaidi ni kufunga. Utando wa mgonjwa wa Ehlers-Danlos ni dhaifu, na hata tundu la sindano laweza kuvujisha maji yanayouzunguka ugwe na ubongo. Fundi cherehani aliyewahi kushona shashi kuukuu anajua: ukivuta sana, kinachoachia ni kitambaa. Basi daktari huchagua sindano nyembamba, hukaribisha mishono, hufunga fundo bila kunyonga. Kisha humwomba mtoa nusukaputi aongeze shinikizo la hewa mapafuni, huku mwenyewe akikodoa macho kuona kama kuna tone litakalopenya. Likipenya, anashona tena.

Namheshimu vilevile anayesita kupasua. Picha zikionyesha ugwe umekaa mahali pake, mabingwa hadi leo wanabishana kama kuukata uzi kunafaa, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatia sahihi. Akishapasuliwa, hulazwa kwanza bila kuinua kichwa, na nyuzi za ngozi huachwa kwa muda mrefu kuliko za wengine, maana kidonda chake huchelewa kushikana.