Kutibu Samaki Bila Kuua Mimea ya Tangi

Tangi la maji matamu lililooteshwa mimea halina mgonjwa mmoja. Samaki, majani, konokono na bakteria waliojishikiza kwenye mchanga na sifongo ya chujio wote hutumia maji yaleyale, na dawa ikishamiminwa haichagui. Shaba inayoua vimelea vya ngozi huwaua konokono kwanza, kisha hudhoofisha majani. Bluu ya methilini hupaka rangi gundi ya vioo na kuwavuruga bakteria wanaoondoa amonia. Formalini nayo hula oksijeni: kila miligramu 5 za dawa kwa lita huondoa takriban miligramu 1 ya oksijeni. Maji ya nyuzi 30 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 7.6 hivi kwa lita, kwa hiyo dozi ya miligramu 25 huweza kunyang'anya zaidi ya nusu ya pumzi ya samaki ambaye matamvua yake tayari yameharibika. Wengi wanaosemekana kufa kwa ugonjwa hufa kwa tiba ya namna hii.

Kabla ya dawa yoyote hutazamwa saa. Mimea hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo hupumua kama samaki, na kiwango hushuka hadi chini kabisa alfajiri. Samaki anayehema juu ya maji saa 11 alfajiri na kutulia ifikapo saa 4 asubuhi anahitaji hewa, si chupa ya dawa. Pemba, ambako umeme huletwa na waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, pampu ya hewa ikizimika usiku wakati umeme umekatika huleta dalili hizohizo. Amonia pia huigiza ugonjwa. Katika maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikipanda hadi 8, kama ilivyo kawaida katika visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya chokaa, sehemu hiyo hufika asilimia 6 au 7. Hapo tiba ni kubadilisha theluthi ya maji na kupunguza chakula. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huachwa wazi siku nzima kwanza.

Ugonjwa wenyewe, mara nyingi, ni madoa meupe yanayofanana na chembe za chumvi kwenye mapezi na mgongo. Huletwa na kimelea cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, kilichoelezwa na Fouquet mwaka 1876. Siku moja au mbili kabla ya madoa, samaki hujikwaruza ubavu kwenye jani gumu au ukingo wa jiwe, akaruka pembeni, akarudi tena palepale. Doa linapoonekana, kimelea kimekwisha kuchimba chini ya tabaka la juu la ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayokikinga. Dawa iliyo majini haikifikii. Kikishiba huchomoka, huanguka, hujibandika kwenye jani, mchanga au kioo, hujizungushia kifuko cha utelezi na kuanza kugawanyika. Kifuko kimoja huweza kutoa vichanga mamia, wakati mwingine zaidi ya 1,000. Vichanga hivyo huogelea kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku moja au mbili hufa.

Hapo ndipo penye udhaifu wake, na ndipo tiba zote zinapolenga, ziwe za dukani au za jikoni. Mfugaji anayetia dawa jioni na kukuta madoa yameongezeka asubuhi hudhani kauziwa dawa feki, kumbe madoa hayo yalikuwa ngozini tangu jana yakinenepa. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba kila kizazi kipya kinatoka kifukoni na kukosa samaki.

Mwendo wa kimelea hutegemea joto. Katika maji ya nyuzi 10 huchukua zaidi ya mwezi kukamilisha mzunguko mmoja. Katika nyuzi 25 huchukua chini ya wiki. Na kuanzia nyuzi 30 aina nyingi hushindwa kuzaliana. Mfugaji wa Ulaya hulipia joto hilo kwa umeme. Katika nyumba ya Mgogoni, Pemba, wakati wa kaskazi, tangi lililo chumbani huweza kukaribia nyuzi 29 au 30 bila kifaa chochote, na mimea mingi ya nchi za joto huvumilia hali hiyo kwa siku kumi mradi pampu ya hewa ifanye kazi. Wakati wa kipupwe maji hupoa na hesabu hubadilika: mzunguko hurefuka, na tiba nayo hurefushwa.

Njia inayoiacha mimea salama kabisa ni ya ndoo mbili za lita 20. Samaki wote hutolewa tangini, hata wasio na doa, kwa sababu mmoja aliyebaki anatosha kulisha kizazi kizima. Huwekwa katika ndoo ya kwanza yenye maji ya joto lilelile, jiwe la hewa na chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, yaani gramu 40 hadi 60 kwa ndoo. Kijiko cha mezani kilichosawazishwa cha chumvi laini hubeba gramu 17 au 18, hivyo vijiko vitatu vinatosha. Chumvi ya mawe inayoanikwa Pemba kutokana na maji ya bahari hufaa ikiwa safi, ila hupimwa kwa mizani kwa kuwa chembe zake kubwa huacha nafasi kijikoni. Kila baada ya saa 12 samaki huhamishiwa ndoo ya pili kwa kikombe, na ile ya kwanza humwagwa, husuguliwa na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa. Vifuko vilivyodondoka usiku huishia hapo, kabla ya kufunguka. Kazi hii huendelea mpaka zipite siku tatu mfululizo bila doa jipya. Maji yakipungua kwa mvuke huongezwa maji matupu, kwa sababu chumvi haipai. Yakimwagwa ndipo chumvi hurudishwa kwa kiasi kilichotoka.

Tangi lenyewe halitiwi kitu. Likiwa na nyuzi 27 au zaidi na halina samaki, wiki moja hutosha kumaliza madoa meupe, huku mimea, konokono na chujio vikiendelea kama kawaida. Punje chache za chakula kila siku mbili huwapa bakteria amonia ya kutumia.

Hatari kubwa ya tiba ya joto ni kukosea ugonjwa. Bakteria Flavobacterium columnare huacha tandiko la kijivu mgongoni au manyoya meupe mdomoni, nao huitwa kuvu na wengi. Hawa hupenda joto. Samaki aliyepandishiwa joto kwa kudhaniwa ana madoa anaweza kufa kwa siku moja au mbili.

Vumbi la rangi ya dhahabu, linaloonekana vizuri kwa tochi iliyomulikwa kwa ubavu gizani, ni kazi ya Piscinoodinium pillulare. Kimelea hiki kina klorofili, kwa hiyo ndoo hufunikwa kitambaa cheusi pamoja na kutiwa chumvi. Tangi la mimea haliwezi kufanyiwa hivyo kwa muda mrefu. Anayekijua zaidi ni samaki wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na Pfeffer mwaka 1893, anayeishi katika vidimbwi vinavyokauka na kuacha mayai yake topeni hadi mvua irudi. Mayai hayo husafirishwa duniani katika mboji yenye unyevu, na wafugaji wake, kwa kuchoshwa na vumbi hilo, wengi wamezoea kumweka maisha yote katika gramu 1 hadi 2 za chumvi kwa lita. Bei yake ni bustani: matangi yao mengi hayana mimea ya kusifiwa. Yungiyungi na majani mengine laini hunyong'onyea katika chumvi ya kudumu, na kwa tangi lililopambwa ndoo hubaki suluhisho bora. Tangi huachwa bila samaki wiki mbili kwa ugonjwa huu.

Samaki waliopona hurudishwa kwa kuongezewa maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima, ili chumvi ishuke taratibu. Samaki wapya hukaa ndooni wiki mbili kwanza, wakiwa na wavu wao peke yao, na mimea mipya pamoja na konokono wake hukaa muda huohuo katika chombo kisicho na samaki.