Nyiragongo 2021: Matetemeko Yaliyokuja Nyuma ya Moto

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), waliona anga la kaskazini limekuwa jekundu. Lava ilikuwa imekwishaanza kuteremka ubavuni mwa volkano ya Nyiragongo. Hakuna aliyewatahadharisha. Vipimatetemeko vilikuwepo kuuzunguka mlima na vilikuwa vikinasa. Wataalamu walipopitia rekodi zake baadaye, dalili ya wazi waliyoikuta ilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka.

Kwa kawaida mlima hutoa taarifa mapema zaidi. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikipanda hujipenyeza kwa nguvu, na mwamba mgumu unaoizuia hukatika. Kila unapokatika hutoa mtikisiko mfupi, mkali. Gesi na majimaji ya moto yakipita kwenye nyufa zilizokwisha kufunguka, huja mitikisiko ya aina nyingine, ya mawimbi marefu na ya polepole. Mchambuzi hatosheki na kuhesabu. Hutazama pia kina, na zaidi ya yote hutazama kama chanzo kinahama.

Ndivyo ilivyofanyika Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991. Mlima huo ulikuwa umelala kwa karne kadhaa. Aprili, vipimatetemeko vya kwanza vilinasa matetemeko zaidi ya 200 kwa siku moja; mwanzoni mwa Juni chanzo kikahamia chini ya kilele chenyewe. Tarehe 10 Juni kambi ya jeshi la anga la Marekani ya Clark ilihamishwa, na siku tano baadaye ukaja mlipuko mkuu. Maelfu ya watu waliokolewa. Magma ya Pinatubo ilikuwa na kilomita kadhaa za mwamba wa kuvunja, na kazi hiyo ndiyo iliyowapa wataalamu majuma ya kujiandaa.

Nyiragongo hauna kizuizi hicho. Ndani ya kasoko yake huwa mna ziwa la lava. Magma ilikuwa imeshafika juu miaka mingi kabla ya 2021. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulieleza kwamba kilichotokea ni mwili wa mlima wenyewe kupasuka. Ukuta ukiachia, kilichomo ndani humwagika. Mwaka 1977 ziwa hilo lilikauka kwa muda usiozidi saa moja.

Kisha, mwaka huo wa 2021, lava ilipokoma baada ya saa chache, matetemeko ndipo yalipoanza kwa wingi.

Siku baada ya siku yalisogea kusini: chini ya Goma, chini ya Gisenyi upande wa Rwanda, hadi chini ya Ziwa Kivu. Kuta zilipasuka, barabara zikafanya nyufa. Picha za rada kutoka setilaiti zilionyesha ardhi ikitanuka katika mstari huohuo. Magma ilikuwa imejipenyeza kama ubao uliosimama wima, wenye urefu wa kilomita 25 hivi, na ncha yake ya juu ilikuwa mita mia chache tu chini ya mji. Hapa matetemeko yalifanya kazi kubwa, saa kwa saa: yalichora njia ya magma.

Ziwa Kivu limebeba kaboni dayoksaidi na methani nyingi zilizoyeyuka kwenye maji ya chini, hivyo hofu haikuwa ya lava peke yake, bali pia ya gesi hizo kulipuka kutoka ziwani. Tarehe 27 Mei mamlaka ziliamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Mamia ya maelfu waliondoka, wengine kwa miguu hadi Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda, wengine wakapanda boti kuelekea Bukavu.

Magma haikutoka. Ilipoa hukohuko chini, na mwezi Juni watu wakarudi. Wapo waliosema walihangaishwa bure, na uchungu wao unaeleweka. Aliyelala nje na watoto hawezi kufurahia ramani. Hata hivyo amri ilikuwa sahihi. Tetemeko huonyesha magma ilipo na inakoelekea, lakini halisemi kama itatoboa mita mia chache za mwisho.

Kwa Nyiragongo, basi, tahadhari ya kwanza itafutwe kwenye kina cha ziwa la lava na gesi inayopanda kutoka kasokoni, matetemeko yafuate. Na mazoezi ya kuhama yapangwe kwa kipimo cha saa moja: mwaka 2021 lava ilisimama kwenye nyumba za pembezoni mwa Goma, karibu na uwanja wa ndege.