Kisu cha Kukunja: Unalipia Chuma, Mkono au Jina?

Kisu cha Opinel Na. 8, kinachotengenezwa Savoie nchini Ufaransa, huuzwa Ulaya kwa euro zisizofika 20. Sebenza ya Chris Reeve, itokayo Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, huipati mpya kwa chini ya dola 400. Viweke vyote viwili mbele ya nyanya iliyoiva: Opinel ndiyo itakayokata vizuri zaidi, kwa kuwa ubapa wake ni mwembamba na umeteremka taratibu kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Kwa hiyo mnunuzi asiutafute ukali kwenye bei. Ndani ya bei hiyo mna gharama ya malighafi, mna saa za fundi, na mna idadi ya watu wanaokitaka kisu hicho hicho kwa wakati mmoja. Anayejua visu ni yule anayeweza kuyatenganisha hayo akiwa amekishika mkononi.

Wauzaji hutaja kwanza jina la feleji: 420HC, D2, S30V, M390. Majina haya yana maana, ila si ile anayoidhania mnunuzi. Ubapa wa kisu cha mfukoni una uzito wa makumi machache tu ya gramu, hivyo chuma chenyewe, hata kikiwa cha thamani, ni sehemu ndogo ya gharama. Fedha inaliwa na usagaji. Chukua S30V, iliyotolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001, Chris Reeve mwenyewe akiwa miongoni mwa washauri wake. Ina takriban asilimia 1.45 ya kaboni na asilimia 4 ya vanadi. Viwili hivyo vikiungana huzaa chembe ngumu kuliko msasa wa kawaida wa kiwandani. Mkanda wa msasa huisha upesi, mashine huenda polepole, na kila ubapa hula muda. Isitoshe, feleji ya namna hii haimiminwi tu kwenye kalibu. Huyeyushwa, hupulizwa kwa gesi hadi iwe unga, kisha unga huo hushindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ili chembe zile zibaki ndogo na kuenea sawasawa. Kwa upande wa pili iko 420HC, yenye kaboni isiyofika nusu asilimia, ambayo hukatwa kwa mashine kwa wingi na kusagwa bila taabu.

Kwa gharama hiyo yote unapata makali yanayodumu. Unachokosa, na muuzaji hatakwambia, ni urahisi wa kunoa. Kisu cha S30V kikishakuwa butu, jiwe la kawaida la nyumbani litakuchosha mkono. Utahitaji kinoo cha almasi. Victorinox wa Ibach, Uswisi, wanajua wanachokifanya wanapoacha bapa zao kwenye ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, chini kidogo ya visu vya gharama. Mwenye kisu hicho hukinoa kwa dakika chache popote alipo. Mimi naona huo ni uamuzi wa busara, si ubahili.

Kuna jambo lingine ambalo jina la feleji halikuonyeshi: namna chuma kilivyopashwa moto na kupozwa. Buck 110, kisu cha Marekani cha mwaka 1964 kilichozoesha watu kukunja kisu kikubwa cha kuwindia na kukitia kwenye ala ya mkandani, leo kina ubapa wa 420HC ile ile inayobezwa. Lakini Buck hufuata taratibu za kupasha moto zilizowekwa na Paul Bos, fundi aliyeheshimiwa katika kazi hiyo peke yake, na matokeo yake ni ubapa unaowaaibisha wengi wenye majina makubwa. Feleji nzuri iliyopashwa vibaya ni hasara tupu. Kwa vile huwezi kuliona hilo kwa macho, hapa ndipo mahali halali pa kulipia sifa ya mtengenezaji.

Kuhusu kutu, neno moja linatosha. Feleji ya kaboni hunoleka vizuri na hubadilika rangi. Aishiye Mombasa, Unguja au popote penye hewa ya chumvi achukue stenlesi, au awe tayari kukipaka kisu mafuta kila mara.

Mpini ndipo malighafi inapopandisha bei kweli, na mara nyingi bila kuongeza chochote kwenye kazi. Plastiki na nailoni ni rahisi. Titani ni nyepesi na haishiki kutu, ila huchosha vyuma vya mashine. Baada ya hapo tunaingia kwenye ulimwengu wa vitu adimu. Kwa miaka mingi viwanda vya Sheffield nchini Uingereza, Solingen nchini Ujerumani, na vya Marekani vilitumia pembe za sambar, kulungu mkubwa wa India, zilizookotwa porini baada ya kudondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilipiga marufuku kuziuza nje. Tangu hapo kipande kizuri cha pembe hiyo cha akiba kinaweza kugharimu zaidi kuliko ubapa kinaoushika. Pembe za ndovu zilitangulia, baada ya nchi wanachama wa mkataba wa CITES kuafikiana mwaka 1989 kuzuia biashara yake ya kimataifa. Mpingo wetu nao umo katika habari hii. Mafundi wa visu wa Ulaya na Marekani wanaupenda kwa weusi wake, uzito wake na jinsi usivyonyonya maji, lakini mti hukua polepole mno, mbao yake safi ni kidogo, na tangu Januari 2017 umo kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo mbao zake zinapovuka mpaka kwa kawaida huambatana na vibali. Anayelipia mpini wa mpingo analipia kitu halisi. Asidhani tu kwamba kisu kitakata zaidi.

Sasa mkono wa fundi. Hapa usione haya kuchukua muda wako dukani.

Kifunge kisu, ukitazame kwa juu: ubapa ukae katikati ya kuta mbili, usiegemee upande. Kifungue, ushike ubapa kwa vidole na uujaribu kushoto na kulia, juu na chini. Ukicheza, pini haikukazwa vyema au tundu lilitobolewa ovyo. Kwa kisu cha springi ya mgongoni kisicho na loki, kama vile vya Sheffield vya zamani, pitisha ukucha kwenye mgongo kikiwa wazi, kikiwa nusu, na kikiwa kimefungwa. Springi iliyosawazishwa na kuta zake katika hali zote tatu ni kazi ya tupa na subira, na hiyo hutaipata kwenye kisu cha bei ya chini. Kisha kielekeze kwenye mwanga: nuru ikipenya kati ya springi na kuta, weka chini. Sikiliza pia. Springi nzuri hutoa mlio mkavu wa kugota, kufungua na kufunga.

Kisu chenye loki kina mtihani wake. Sebenza hushikiliwa na ulimi uliokatwa kutoka ukuta wake wenyewe wa titani. Ulimi huo unapaswa kugusa kisigino cha ubapa barabara na kukaa hapo bila kusogea ukikandamiza mgongo wa kisu mezani. Kupata mguso huo kwa usahihi ule ule kisu baada ya kisu ndiko kunakofanya bei iwe ile, zaidi ya feleji au titani. Mwisho tazama makali kutoka kwenye ncha: pande mbili zilizosagwa kwa upana sawa. Nimeona visu vya majina makubwa vikianguka hapa.

Wahenga walisema chema chajiuza, lakini katika biashara hii kilicho adimu hujiuza hata kikiwa cha kawaida. Great Eastern Cutlery ya Titusville, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 2006, hutengeneza visu vya mtindo wa mababu kwa mafungu madogo, nyingi ya bapa zake zikiwa za feleji ya kaboni ya 1095 ambayo si ghali hata kidogo. Mafungu yanayotafutwa huisha kwa wauzaji upesi, na baadhi yake huuzwa tena kwa bei ya maradufu. Kisu hakikubadilika kati ya asubuhi na jioni; wanunuzi ndio waliozidi. Jina nalo hufanya kazi hiyo hiyo kinyume. Laguiole ni kijiji cha Aveyron, Ufaransa, lakini neno hilo huandikwa pia kwenye visu vya bei chee vya China na Pakistan, vyenye nakshi ile ile ya nyuki mgongoni. Ukiona neno hilo peke yake bila jina la karakana, hujaambiwa kitu.

Sheria pia huumba soko. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki na chenye makali yasiyozidi inchi 3 huruhusiwa kubebwa bila kutoa sababu maalumu, na ndiyo maana kampuni kama Spyderco imewatengenezea Waingereza visu vya feleji ghali bila loki. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, visu vilipokatazwa ndani ya ndege, mauzo ya visu vya Victorinox yalishuka kwa takriban theluthi moja. Hadi leo baadhi ya majimbo ya Marekani huuza kwa mafungu visu vilivyoachwa kwenye viwanja vya ndege, na humo mna Victorinox safi kabisa kwa bei ya takataka. Ubora ni ule ule wa dukani.

Nje ya hesabu hizi zote kuna kisu cha Okapi. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na tangu 1988 inatoka Afrika Kusini: ubapa wa kaboni, pete ya kuachilia loki, mlio wa meno ya loki hiyo. Umaliziaji wake ni wa hovyo, na huupimi kwa ukucha wala mwanga. Lakini kwa bei yake hukata.

Ushauri wangu: kisu cha kwanza kiwe Opinel ya stenlesi au Victorinox. Cha pili, ukipenda loki imara, kiwe Buck 110. Zaidi ya hapo ongeza fedha kwa ajili ya ulinganifu wa kazi, si kwa ajili ya herufi zilizochongwa kwenye ubapa. Na ukiuziwa kwa picha tu, dai picha tatu: kisu kilichofungwa kikiwa kimepigwa kwa juu, mgongo wake kikiwa wazi, na makali yakitazamwa kutoka kwenye ncha. Muuzaji akikataa kuzipiga, mwachie kisu chake.