Robo sekunde ya upepo, Ziwa Babati

Kila anayefika Ziwa Babati na kamera hupiga jua likizama. Nami nimelipiga, tena sana, na picha zote zinafanana: duara jekundu, mtumbwi mweusi, maji ya rangi ya shaba. Mwonyeshe mtu wa Singida, atakwambia ni Ziwa Singidani. Picha ninayoichambua hapa niliipiga mwezi Agosti nikiwa nimelipa jua mgongo, upande wa magharibi wa ziwa, lenzi ikiuelekea Mlima Kwaraa.

Mlima ndio ulioamua saa. Kwaraa una urefu wa mita 2,415, nao umesimama mashariki ya mji, ukizipita paa za Babati kwa takriban mita 1,000. Asubuhi unalikinga jua. Likija kuchungulia juu ya mgongo wake, rangi ya dhahabu imeshaishia nyuma huko. Jioni mlima uleule unakuwa ukuta unaopokea mwanga wote.

Mwanga wenyewe hauna subira. Sisi tuko kama nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, na jua letu hushuka karibu wima: nyuzi 6 za mwisho linazimaliza kwa dakika 25 hivi. Uskoti mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua kama saa nzima, kwa kuwa kule jua huteremka kwa mshazari. Agosti jua la Babati huzama karibu na saa 12:40 jioni. Stendi iwe imeshasimama saa 12 kamili, la sivyo utakuwa unahangaika na skrubu huku mlima unawaka.

Kulipa jua mgongo kuna adha yake: kivuli chako. Jua likiwa nyuzi 4 juu ya upeo, mtu wa mita 1.7 anatupa kivuli cha karibu mita 24, na picha yangu ya kwanza ilikuwa na jitu lenye kofia katikati ya matete. Kwa bahati, Agosti jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, hivyo kivuli hulalia kulia. Niligeuza kamera kidogo kushoto, nikachuchumaa, jitu likatoka. Filta ya kukata mng'ao niliivua pia. Hiyo hukoleza anga jua likiwa ubavuni. Likiwa kisogoni hainyweshi buluu hata tone, inakula mwanga bure.

Sasa upepo. Jioni hiyo ulikuwa unavuma kutoka mashariki, unanipiga usoni na kuyasukuma mawimbi mafupi hadi miguuni pangu. Nilitaka picha ya upepo, na upepo hauonekani. Kinachoonekana ni kile unachokisumbua. Kwanza niligandisha kila kitu kwa 1/500 ya sekunde, ISO 1600. Matete yakatoka yameinama tu, kama yaliyokanyagwa. Kisha nikavaa filta nzito, sekunde 30: ziwa likawa bati, matete moshi wa kijani. Picha za namna hii hupendwa sana siku hizi. Mimi naziona zimekufa, maana zimefuta kile kilichokuwa kinatokea.

Jibu lilikuwa katikati. Tundu la lenzi f/11, ISO 100, mwanga ule ulidai 1/30 ya sekunde. Filta inayoupunguza mara nane ikanipeleka karibu robo sekunde. Hapo ncha za matete zinachora mistari, mashina yakibaki mashina. Lakini mchoro wa mwendo unahitaji kitu kilichotulia kando yake. Mtumbwi unaoelea ungecheza na kuharibika, kwa hiyo nilichagua uliovutwa juu ya tope. Mtumbwi umetulia, mlima umetulia, katikati yake kila kitu kinakimbia.

Robo sekunde haisamehe stendi inayotikisika. Kuning'iniza begi chini yake, kama wengi wanavyofundisha, kwenye upepo ni kutengeneza bembea. Nilijaza udongo kwenye kiroba (mifuko ya plastiki, rambo, tuliiaga Juni 2019), nikakifunga kikiwa kimegusa ardhi, na miguu ya stendi nikaiweka juu ya mawe bapa isizame kwenye tope. Safu ya katikati sikuipandisha kabisa. Kila baada ya picha mbili tatu nilifuta matone kwenye kioo cha lenzi, kisha nikasubiri mvumo mwingine, kwani upepo huja kwa mikupuo.

Kasoro ipo: kona ya chini kulia ni nyeusi mno, na sikuwa na muda wa kuirekebisha. Mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu alikuwa ameshaniambia, "Kaka, hapo uliposimama ni njia yao." Viboko wa Babati hutoka majini giza likiingia, kwenda kula majani. Ukienda, waulize wavuvi mapito kabla hujafungua stendi.